Ile Betri ya Fundi Dida

Maji moto yakimwagwa juu ya vichwa vya betri hutoa harufu ambayo sijawahi kuikuta penye kitu kingine. Ni kama yai lililoharibika likichanganyika na sarafu iliyoshikwa kwa mkono wenye jasho. Wiki iliyopita, siku ya tatu ya likizo, Baba alikuwa ameinama chini ya boneti akiwa na birika la jikoni, Mama akimpigia kelele kutoka mlangoni kwamba hilo ni birika la chai si la gari, na mimi nimesimama kando na kitambaa. Simu yake ikalia. Akasikiliza, kisha akaweka birika chini mchangani, jambo ambalo lingemfanya Mama aongeze kelele, lakini Mama alinyamaza.

"Fundi Dida ameenda," Baba akasema. "Wamemzika jana alasiri."

Akabaki akiuangalia ule unga mweupe wa betri ukiyeyuka na kutiririka. "Alikuwa mtu mkweli huyo. Mkweli kabisa." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa wa haki hata kwa marehemu, akaongeza: "Isipokuwa ile betri tu."

Nilijipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, nikaingia ndani. Nilifungua daftari hili na kwa siku mbili sikuandika hata neno moja, kwa sababu kila sentensi niliyoifikiria ilianza na mimi.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa, na bado ni, fundi wa pampu za visima. Ofisi ilikuwa na gari lakini kila ukiuliza unaambiwa gari iko Oldonyiro, kwa hivyo alitumia pikapu yake mwenyewe, nyeupe, ya petroli, yenye umri wa kunizidi mimi. Kwa sababu ya vumbi la mtaa wetu, kila jioni aliifunika kichwa kwa turubai la buluu, kama mtu anavyomfunika mtoto. Na aliiegesha pale juu kidogo, kando ya ua wa kanisa, ikiangalia chini kwenye mteremko, ili asubuhi ikigoma isukumwe kidogo tu. Nilidhani magari yote hulala yakiinamisha kichwa. Siku nilipoona gari la mwalimu mkuu limeegeshwa mahali tambarare nililionea huruma, nikajua halitapata usingizi.

Turubai lilikuwa kazi yangu. Jioni nilipanda kwenye bampa nikalifunga, asubuhi nililifungua, nikalikung'uta na kulikunja mara nne. Sikuwa mtoto wa maneno. Shuleni kila nilipoitwa kusoma kwa sauti, herufi zilipotea kwenye karatasi. Mtu wa kwanza niliyeweza kuongea naye bila kuhesabu maneno kichwani ni Baba, na hata yeye ilikuwa afadhali tukiwa ndani ya pikapu, yeye akiangalia mbele na mimi nikiangalia mbele, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Shida ilikuwa Sericho. Baba alikuwa akienda huko wiki mbili, wakati mwingine tatu, na kila akifunga begi lake alisema maneno yale yale: "Watoto wa Sericho wananingoja." Alimaanisha watoto wa watu, wale wanaotembea na mitungi pampu ikiharibika. Mimi nilielewa kwamba ana watoto wengine. Nilifikiria juu ya jambo hilo kwa umakini mkubwa. Niliwapa hata majina. Kulikuwa na msichana wa rika langu, mwenye kuongea sana, ambaye hakuogopa kusoma kwa sauti, na nilijua huyo ndiye anayempenda zaidi. Sikumuuliza Mama. Niliona kwamba anajua na ameamua kuvumilia, na mimi pia nikaamua kuvumilia, mpaka nilipopata njia nyingine.

Niliipata kwa bahati. Jumapili moja nilicheza ndani ya gari nikasahau taa ndogo ya darini ikiwa imewashwa. Asubuhi Baba akageuza ufunguo, gari ikatoa ile sauti ya mzee anayeamshwa, nyiii, nyiii, kisha tk. Fundi Dida akaitwa, akaangalia ndani, akaikuta swichi. "Taa imekunywa moto yote ya betri," akasema akicheka. Baba hakusafiri siku hiyo. Tulienda wote sokoni, akanibebea tikitimaji kutoka Rapsu kichwani kama mwanamke, watu wakamcheka, na yeye akacheka nao. Hiyo ndiyo siku niliyojua kwamba gari likinyimwa moto, watoto wa Sericho wanakosa na mimi napata.

Miezi ikapita. Baba akanunua betri kwa Fundi Dida, ya mkono wa pili lakini nzima. Halafu ikaja safari ambayo Baba alisema itakuwa ndefu. Pampu ya kule ilikuwa imekufa kabisa na alikuwa amebeba kipuri chake kwenye gunia. Jioni hiyo nilipanda kufunga turubai, nikafungua mlango kidogo, nikaingiza mkono, nikabonyeza swichi. Turubai liliificha taa vizuri. Asubuhi nikawa wa kwanza kutoka, nikaizima kabla ya kulikunja.

Nyiii. Tk.

Fundi Dida alikuja kwa miguu, kofia yake ya kufuma kichwani, mfuko wa vifaa begani. Alikuwa Mborana mrefu mwenye sauti ya chini, na hakuanza kazi bila salamu hata kama nyumba inaungua.

"Salaam aleikum, Baba Kendi."

"Aleikum salaam, fundi. Hii kitu imekataa tena."

"Haijakataa. Inasema kitu. Sisi ndio hatujasikia." Akanigeukia. "Nagaa, intala?" Kwa Kiborana nagaa ni salamu ya amani na intala ni msichana, na aliniita intala siku zote, kama jina. Nikajificha nyuma ya Mama.

Akamwaga maji moto kwenye vichwa vya betri, akavikwaruza, akavikaza. Akafuata waya mmoja mpaka mahali ulipofungwa kwenye chuma, akauvuta. Akafungua plagi, akazinusa. Kisha tukaisukuma kwenye mteremko, ikawaka, ikanguruma kama hakujatokea kitu.

"Basi niende," Baba akasema.

"Uende wapi? Gari ya kusukumwa haiendi Sericho. Ukizima huko mbele ya mbele, nani atakusukuma? Fisi?"

Alikuwa na desturi yake, na mji mzima ulimjua nayo. Gari ikikubali, hakufunga mfuko wa vifaa. Aliizima, akaomba chai, akainywa bila haraka injini ikipoa, akaiwasha tena. Akazima. Chai tena. Mara ya tatu ikiwaka ndipo anasema kazi imeisha. "Mara ya kwanza inaweza kuwa bahati," alisema. "Ya pili inaweza kuwa ni aibu tu, inaona watu. Ya tatu ndio ukweli." Siku hiyo iliwaka mara tatu. Akasema iko sawa, lakini jua limekwenda, Baba alale, aende kesho.

Jioni nikabonyeza swichi.

Siku ya pili alikuja na balbu ndogo yenye waya mbili. Akatoa waya wa betri, akaiweka ile balbu katikati. "Kama kuna kitu inakula moto wakati gari imelala, hii itawaka," akamweleza Baba. "Hii haijui kudanganya." Nilisimama mbali kabisa, karibu na choo, kwa sababu niliamini itawaka nikikaribia. Haikuwaka. Nilikuwa nimeshazima taa kitambo. Dida akaiangalia balbu yake, akaigonga kwa ukucha, akaijaribu kwenye betri kuona kama imekufa. Ilikuwa nzima. Nilimwona akikuna kidevu chake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima akiwa hajui.

Simu ya Baba haikunyamaza siku hiyo. Nilisikia sauti za wanaume wa mbali zikipanda. Baba alikuwa akisema, "Najua. Najua, mzee wangu. Wape yale ya tangi kwanza." Nilifikiri ni yule msichana wa Sericho ametuma watu wamgombeze.

Siku ya tatu asubuhi gari haikutoa hata nyiii. Baba hakumngoja Dida aje. Alipata vijana wakaisukuma, akanipakia kwa sababu alikuwa anipitishe shule, lakini hasira ilimsahaulisha shule na akaenda moja kwa moja gereji. Ilikuwa uwanja wa mabati nyuma ya stendi, mafundi saba au wanane, kila mmoja na gari lake, na Dida akiwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Toka hapo!" Baba akasema.

Dida akatoka taratibu, mafuta usoni. "Salaam aleikum—"

"Wachana na salamu. Umeniuzia nini wewe? Waya ni nzima. Plagi nzima. Balbu yako haioni kitu. Imebaki nini? Imebaki betri! Umechukua betri iliyokufa ukapaka rangi ukaniuzia, na watu hawana maji siku ya tatu leo!"

Nyundo zilinyamaza. Kijana mmoja Mturkana, Ekai, ambaye alikuwa bado anajifunza kazi na kwa hivyo alikuwa na mdomo kuliko wote, akasema kutoka juu ya tairi, "Fundi Dida, kwani siku hizi unauza betri ama unauza rangi?"

Wakacheka. Si kicheko kikubwa. Lakini nilikiona kikimfikia Dida, kama mtu anavyoona jiwe likimfikia mtu.

"Baba Kendi," Dida akasema, "miaka yote hii umenijua. Mimi?"

"Mwizi hana miaka," Baba akasema.

Niko ndani ya pikapu. Dirisha liko wazi. Ningeweza kusema kutoka pale pale, bila hata kushuka. Nakumbuka nilifungua mdomo, kwa hilo sidanganyi, na nikasikia ulimi wangu mkavu kama ubao.

Dida akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Niruhusu kitu kimoja," akasema. "Tumeipima ikiwa macho. Leo nataka kuipima vile hulala. Kwako, jioni, na hilo turubai lako juu. Ikiwa betri ni mbaya, nitasema mbele yako."

Alikuja baada ya sala ya magharibi, anga bado ina rangi kidogo. Nilikuwa nimeshabonyeza. Hata leo najiuliza kwa nini nilibonyeza siku hiyo, nikijua anakuja, na jibu la kweli ni kwamba mkono ulikuwa umeshazoea, na moyo wangu ulikuwa unasema bado siku moja, siku moja tu. Baba alikuwa ndani akiongea na simu. Mama alikuwa jikoni. Dida akafungua boneti kwa chini ya turubai, akatoa waya, akaweka balbu.

Ikawaka.

Ilikuwa nyekundu-nyekundu, hafifu, kama jicho la mtu mgonjwa. Dida hakuita mtu. Alizunguka upande wa mlango, akainua pembe ya turubai, na mwanga wa ndani ukamwangukia usoni. Akauangalia. Kisha akaangalia chini, kwenye bampa, ambako vumbi lilikuwa na alama za kandambili ndogo, zile za kwangu zenye nyota kwenye soli. Halafu akanitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nitaliandika hili kwa sababu daftari ni langu: nilijikojolea. Nilisikia joto likishuka miguuni mpaka kwenye kandambili, na sketi ya shule, ambayo Mama alikuwa amenikataza kucheza nayo, ikanishika mapajani.

Wakati huo huo mlango ukafunguka, Baba akatoka. "Haya, fundi? Umeona nini?"

Dida alinyoosha mkono ndani ya gari, tk, taa ikazima. Kwa mguu wake, bila kuangalia, akapiga mtungi wa maji ya rejeta uliokuwa kando. Maji yakamwagika yote, juu ya viatu vyake, juu ya miguu yangu, juu ya ardhi.

"Astaghfirullah! Nimemlowesha mtoto. Pole, intala, pole. Kimbia kwa mama yako ubadilishe."

Sikukimbia. Nilibaki nikasikia yaliyosemwa.

"Ni betri," Dida akasema. "Ni mbaya. Nimekosa, Baba Kendi."

Baba akatia simu mfukoni. "Si nilisema?"

"Ulisema."

Kesho yake asubuhi alileta betri nyingine, ameibeba begani kwenye gunia. Baba akaenda Sericho. Nilijua ile betri ilikotoka siku chache baadaye, nilipopita kwa Dida nikitoka shule: gari lake dogo la kijani, ambalo alikuwa akienda nalo kwa magari yaliyokwama barabarani, lilikuwa limesimama uani, boneti wazi, kuku amelala mahali pa betri. Alitembea kwa miguu muda mrefu baada ya hapo. Na jina likamshika. Watu walimwita Dida wa Rangi, kwa mzaha, na yeye aliitika. Wenye magari mazuri wakaanza kupeleka kwingine. Mzaha ukikaa sana mjini huwa habari.

Betri ile ya kwanza, aliyoichukua, niliiona mwaka mzima gerejini ikiwasha redio ya mafundi.

Hakuniambia lolote, isipokuwa mara moja. Nilitumwa kibiriti, tukakutana dukani. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Hao watoto wa Sericho ni watoto wa watu, intala. Nimefika huko. Babako hana nyumba huko, ana tangi." Alijuaje, sijui. Labda Mama alikuwa ameng'amua, akamwambia kwa kicheko. Labda nilikuwa nimeandikwa usoni. Sikuwasha taa tena. Lakini kila tulipokutana aliniuliza, "Gari inalala vizuri?" na mimi nilitikisa kichwa kukubali na kuvuka barabara, mpaka nikawa msichana wa kuvuka barabara kila nikiona kofia ya kufuma.

Miaka yote nilijiambia kwamba yeye ndiye aliamua, mimi sikumwomba. Ni kweli, sikumwomba. Lakini alinifunika kwa jioni moja tu, ili nikabadilishe sketi. Mimi nilikaa chini ya lile turubai miaka minane.

Kwa hivyo juzi, siku ya pili ya kutoandika, nilimfuata Baba kwenye pikapu. Tulikaa ndani, yeye akiangalia mbele na mimi nikiangalia mbele. Nikamwambia. Nilimwambia taa, turubai, kandambili, mkojo, yote. Alikuwa na ufunguo mkononi. Sikujua kama angenipiga au angecheka, na nilitaka kimojawapo kwa haraka.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Minane."

"Mimi nilikuwa na arobaini," akasema. "Na nilimwita mwizi." Akapitisha kidole gumba juu ya usukani, huku na huku. "Nilisema mbele ya watu. Haiwezi kurudishwa nyuma ya nyumba. Leo wote wako kwake, wamekwenda kutoa pole. Nitasema yangu. Lakini ile ya taa siwezi kukusemea."

"Baba, mimi siwezi kuongea mbele ya watu."

"Najua," akasema, akageuza ufunguo.

Mama alinipa leso ya kujifunika kichwa. Nyumbani kwa Dida walikuwa wameweka viti chini ya hema, wanaume wa gereji wamekaa upande mmoja, Ekai sasa ana ndevu na vijana wake wa kufundisha. Mama Halima, mjane wa Dida, alitoka mlangoni Baba alipoomba aje asikie. Baba alisimama akasema yake, fupi, kofia mkononi: kwamba aliwahi kumwita mwenye nyumba hii mwizi, gerejini, mbele ya hao hao walioketi, na kumbe hakuwa amemkosea. Kisha akakaa. Wote wakanitazama.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Midomo ilisogea, basi.

Mara ya pili ilitoka hewa na kitu kama kikohozi. Mtu akaanza kusema niachwe, ni mtoto, lakini Ekai akainua mkono. "Mpeni chai," akasema. "Apoe kidogo. Mzee angempa chai."

Mama Halima mwenyewe ndiye aliyenipa kikombe. Nilikinywa chote, hakuna aliyenihimiza. Nikamrudishia kikombe mkononi, nikamwangalia yeye peke yake.

"Ile betri," nikasema, "ilikuwa nzima."